Njugu za Kusaga za Kidawa

Mashavu alipokuwa mdogo huko Makunduchi alilishwa kwa nguvu mchuzi wa njugu zilizoota ukungu, akatapika siku mbili. Tangu hapo hakuvumilia hata harufu ya njugu. Sasa ni mtu mzima mwenye mtoto, lakini akipita penye muuza njugu huvuta mtandio puani.

Mwaka wa 1971 mchele ulikuwa wa kupanga foleni, na nyumbani kwake Mji Mkongwe wakila muhogo asubuhi na jioni. Bintiye Kidawa, wa miaka miwili, akavimba miguu, nywele zikageuka rangi ya kutu. Kliniki, muuguzi Bi Duni alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akaeleza kuwa muhogo unajaza tumbo tu, haujengi mwili. Nyama na maziwa vilikuwa adimu, lakini njugu zina cha kujenga mwili na mafuta ya kutia nguvu. Mashavu azikaange, atupe kila iliyosinyaa au yenye ukungu kwani ile ni sumu, azisage ziwe laini kama siagi, amtilie mtoto kwenye uji. Na amlete kila wiki.

Mashavu alisaga huku ameziba pua kwa kitambaa. Njugu zikatoa mafuta, zikawa tope la rangi ya kahawia linalong'ang'ania jiwe, na yeye akakumbuka nepi. Mara mbili aliacha kusaga akakimbilia uani kutapika. Alipompa Kidawa kijiko cha kwanza, mtoto alikitema chote kifuani pa mama yake. Uji ule wa moto, wenye mafuta, ukamteremkia ndani ya kanga, na Mashavu akalia kwa kinyaa.

Siku tatu mtoto akatema. Ya nne Mashavu alirudi naye kwa Bi Duni kumwambia chakula kile kimeshindikana.

Bi Duni alimtaka amlishe pale pale mbele yake. Alitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mtoto hatazami kijiko. Anatazama uso wako. Ukikunja uso wewe, na yeye anakunja. Kula kwanza, akuone."

"Siwezi, Bi Duni. Nikila njugu natapika."

"Basi tapika akishalala."

Jioni ile Mashavu alikaa mkekani, Kidawa magotini. Akatia kijiko kinywani. Tope likagandia kwenye kaakaa, ulimi ukakwama. Alimeza. Macho yalimtoka machozi lakini midomo ikabaki inacheka. Kidawa alimkodolea macho, kisha akafungua kinywa.

Kila siku alifanya hivyo, na kila siku, mtoto akishalala, aliinamia ndoo. Wiki ya tatu uvimbe ulipungua. Wiki ya saba Kidawa alikimbia ukumbini, akaangusha birika.

Bi Duni akamwomba Mashavu azungumze na kina mama waliongojea kliniki. Walitarajia sifa za chakula kitamu. Mashavu alisimama, akakaza mtandio.

"Mimi chakula hiki nakichukia," alisema. "Kinanuka, kinagandia, na mpaka leo kinanichafua roho. Lakini mtoto wangu alikuwa anakwisha, na sasa anakimbia. Chagueni njugu safi, msage, mle mbele ya watoto wenu. Na msikunje uso."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye miguu iliyovimba akauliza njugu zikaangwe muda gani. Mashavu akakaa karibu yake, akaanza kumweleza, huku anameza mate ya kichefuchefu.