Siku Tisa Kwenye Kadi ya Mvua

Mimi sina subira na kurasa zisizosomwa. Taasisi ya hali ya hewa iliponipa kazi ya kuunda upya tovuti yake, nilitazama idadi ya wageni, nikaandika orodha ya vya kufutwa. Juu kabisa niliweka picha za kadi za mvua, zilizojazwa kwa mkono na wapimaji wa kujitolea kwa miaka hamsini. Kadi zenyewe zilishaliwa na mchwa, na kwa mwaka mzima ukurasa ule ulifunguliwa mara nne. Profesa, mkuu wa taasisi, akakubali tuufute mchana uleule, baada ya jaribio la mwisho.

Jaribio lenyewe ni rahisi: mtu wa kawaida anaketi mbele ya kompyuta, anatafuta kitu, sisi tunamtazama na kufunga midomo. Tuliyemwalika akaingia mitini. Nikamwita shangazi yangu, mwalimu mstaafu.

"Shangazi, tafuta kama kesho itanyesha."

"Ya kesho nitayaona kesho. Nataka kadi zangu."

"Kadi zipi?"

"Wewe! Miaka thelathini na moja nimepima mvua pale uani, kila siku saa tatu asubuhi, hukuniona?"

Nilimwona. Nilidhani anamwagilia maua.

Alihangaika na menyu zangu dakika kumi na mbili, jasho likinitoka mimi. Mwishowe ikafunguka ramani yenye nukta mia saba, kila nukta ua wa mtu. Akabofya wake. Mvua yote iliyoanguka pale kwa miaka thelathini na moja ikajipanga kwenye kioo, siku kwa siku. Sikuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikitoka mikononi mwa mtu niliyemzoea.

"Sasa nitafutie pengo langu," alisema, sauti chini. "Nilipojifungua kwa upasuaji nililazwa siku tisa, hadi mwisho wa mwezi. Niliporudi, mume wangu alishaipeleka kadi posta. Siku tisa tupu! Nimewaharibia watu kazi, na sijawahi kumwambia yeyote."

Nikaifungua kadi ya mwezi ule. Hapakuwa na pengo. Palikuwa na mwandiko mwingine, wa marehemu mumewe, aliyekuwa akimcheka kwa kuhesabu maji. Siku ya kwanza, penye namba, aliandika "nyingi". Ya pili, "nusu kikombe". Ya tatu, "milimita 11". Kuanzia hapo zilikuwa namba tu, hadi ya tisa. Penye maoni, ambapo watu huandika ngurumo au ukungu, siku hiyo aliandika: "Anarudi kesho."

Profesa alivua miwani. Akaichukua orodha yangu mezani, akaichana.

Shangazi aliweka kidole juu ya mwandiko ule, asikiondoe.

"Mtu huyu," alisema, "alikuwa haamki kabla ya saa nne."