Orijino kwa Bei ya Mama Jinu

Geumsuk aliamka na maumivu yale yale ya mgongo aliyolala nayo. Jana yake alishinda amechuchumaa uani akipaka kabichi pilipili na dagaa waliochacha, akiba ya kimchi ya msimu mzima wa baridi. Zamani kazi hiyo waliifanya wanawake wote wa ukoo, wakisengenyana na kucheka mpaka jioni. Sasa wengine walikuwa wamezeeka, wengine wamehamia Seoul, na waliobaki walinunua dukani. Yeye aliendelea tu, na hata sababu hakuijua vizuri.

Alifungua gereji mwenyewe. Mvua ya mwisho wa Novemba ilikuwa ikiupiga mji wa Mokpo tangu alfajiri, na upepo wa bandarini uliingia mpaka chini ya mlango wa chuma. Taesik, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa fundi, lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda kuchomwa sindano za kiuno. Tangu mumewe Taeho afariki wamekuwa hao wawili tu: Taesik chini ya magari, Geumsuk mezani akipokea wateja na kupanga bei.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee Pyo, dereva wa teksi pale stesheni. Alishuka taratibu, akafuta miwani, akasema hakuja kulalamika, ila gari lake linamtia aibu. Kila akiliwasha asubuhi injini inagonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, kisha inatulia yenyewe. Kwa kweli alishalisema hilo mara ya mwisho alipomwaga oili, na Taesik akamjibu kwamba gari limezeeka.

Geumsuk alitaka kumwambia amsubiri Taesik. Lakini miaka yote ile alikuwa akimpa Taeho spana, akimshikia taa, na mikono ilikuwa bado inakumbuka. Akamwekea mzee chai ya shayiri karibu na jiko, akavaa ovaroli la marehemu, akalipandisha gari kwa jeki.

Oili ilikuwa safi na imejaa. Basi akaifungua filta ya oili. Ilipomjia mkononi, nyepesi, nyeupe, haina jina wala namba, hakushangaa kama alivyopaswa kushangaa. Hilo ndilo lililomuumiza. Kwenye kioo cha mbele, kwa herufi alizozibandika mwenyewe, iliandikwa kwamba bei yao ni pamoja na filta orijino, na mzee Pyo alikuwa amelipia orijino. Lakini katoni za makopo meupe alizijua. Zilikuwa stoo tangu majira ya kuchipua, na kila alipozipita alijiambia kwamba Taesik ameziweka kwa ajili ya wale wanaotaka rahisi, ingawa hakukumbuka mteja hata mmoja aliyeomba rahisi.

Akalikata lile kopo kwa msumeno. Ndani mlikuwa na kile kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi yote chini gari likizimwa. Kilikuwa kikavu kama ngisi wa kuanikwa. Alipokikunja, kilikatika. Kwa hiyo kila asubuhi injini ya mzee Pyo ilikuwa ikiamka kavu, vyuma vikisuguana mpaka oili ipande tena.

Alitafuta rafuni akapata orijino moja iliyosalia, akaifunga, akashusha gari. Mzee alipouliza tatizo ni nini, Geumsuk alisema filta ilikuwa mbovu, na kwamba hatadaiwa kitu. Mzee akamshukuru sana, akainama, akaondoka. Geumsuk hakumwambia kwamba ile ya zamani haikuwa orijino aliyoilipia.

Taesik alirudi saa ya chakula cha mchana, akitembea upande upande. Geumsuk alikuwa amechemsha tambi na kukatakata kimchi mpya. Wakala kwanza, kwa sababu wote wawili walikuwa na njaa, kisha akaliweka lile kopo lililokatwa katikati ya meza, kando ya sufuria.

Taesik alilitazama bila kuligusa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na uso wake haukuonyesha mtu aliyekamatwa. Ulionyesha mtu aliyechoka kusubiri.

"Hizo mbadala nzuri zipo, shemeji," alisema. "Zipo ambazo hata kaka alizifunga na hazikumwangusha. Lakini bei uliyobandika pale kiooni haitoshi hata hizo."

Geumsuk akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nilikwambia. Ulisema tukipandisha tutawapoteza wote kwa ile gereji mpya ya barabarani, na kwamba nione nitakavyofanya. Nikaona nitakavyofanya."

Ni kweli alisema hivyo. Alikumbuka hata mahali alipokuwa amesimama. Alikuwa akivua viatu, miguu imevimba, anataka siku iishe, na neno lile lilimtoka kama unavyomfukuza nzi. Tangu hapo hakuuliza tena. Taesik naye alinunua zile za chini kabisa, na wateja walipoleta malalamiko ya kugonga aliwaambia magari yao yamezeeka. Aliyasema hayo mwenyewe, pole pole, macho yakiwa kwenye bakuli. Alisema kila alipolala alikuwa akisikia zile injini.

Geumsuk alitaka kukasirika, lakini hasira inataka nguvu, naye hakuwa nazo. Akakusanya vyombo. Akiwa kwenye sinki, amempa mgongo, alisema itabidi wawaite.

"Wote?"

"Wote waliofungiwa hizo. Tuwabadilishie, tuwaambie kwa nini."

Taesik akasema watafukuzwa mjini. Geumsuk akajibu kwamba akifukuzwa atapata walau nafasi ya kulala.

Jioni ile alibandua herufi zake kiooni kwa kisu cha kukwangulia rangi. Kesho yake akaanza kupiga simu, na wa kwanza alikuwa mzee Pyo, maana huyo Geumsuk alimficha ukweli ana kwa ana. Mzee hakutaka kusikia ya simu. Alikuja, akakaa palepale karibu na jiko, akasikiliza mpaka mwisho. Geumsuk alimweleza kila kitu, na neno lake la "ona utakavyofanya" hakulificha.

"Mama Jinu," mzee alisema, "mimi nimekuwa nikija hapa tangu huyo mwanao Jinu anatambaa. Ungeniambia niweke ya rahisi, ningeweka. Sasa nimekuwa nikiwatambia wenzangu stesheni kwamba teksi yangu haili ila orijino. Wenyewe wanaisikia ikigonga, wananitazama tu."

Geumsuk alisema samahani. Mzee Pyo akaitazama mvua iliyokuwa bado ikinyesha, akauliza kama injini imeharibika. Taesik, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono michafu, akasema imelika kidogo, si ya kufa leo, lakini miaka kadhaa imepungua. Alisema ni yeye aliyemwambia gari limezeeka, na kwamba alijua si kweli.

"Gari limezeeka pia," mzee akasema. "Hilo hukukosea."

Safari nyingine alirudi kumwaga oili, na walipomwonyesha filta mbili, orijino na mbadala iliyo nzuri, kila moja na bei yake halisi, alichukua orijino, akasema kwa utani usio na furaha kwamba keshajitamba mno, hawezi kushuka.

Wengine hawakuwa kama yeye. Mama mmoja mwenye basi la chekechea alimtukana kwenye simu mpaka sikio likamwaka, na hakuonekana tena. Kuna waliokuja, wakabadilishiwa, wakaondoka bila neno, na baadaye magari yao yakaonekana kwenye ile gereji ya barabarani. Waliobaki wengi walichagua mbadala, baada ya kuuliza maswali mengi, na Geumsuk aliyajibu moja moja hata alipokuwa amechoka kusema. Wakati mwingine alipasua filta mbele yao ili waone mpira wenyewe.

Kazi ya kubadilisha iliwachukua mpaka mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ukakaribia. Kiuno cha Taesik kilikataa kabisa katikati yake, ikabidi Geumsuk aingie chini ya magari huku shemeji yake amekaa kwenye kiti akimwelekeza. Kosa lenyewe hawakuwahi kulizungumza tena. Ila siku moja, akifuta mikono, Geumsuk alimwambia Taesik kwamba siku nyingine jambo likimshinda amkalishe chini, asimwache avue viatu aondoke. Taesik akasema atajaribu.

Siku gari la mwisho lilipotoka, ilikuwa bado mchana. Waliteremsha mlango wa chuma nusu. Taesik alijinyoosha kwenye benchi kwa ajili ya mgongo wake, na Geumsuk akavuta kiti karibu na jiko, akisema atapumzika kidogo kabla ya kufagia. Mtu mmoja alikuja akapiga hodi kwenye chuma, akasubiri, akaondoka. Wote wawili walimsikia, na hakuna aliyeinuka.