Hamamu ya Kuvaa

Lalla Yamna alikuwa amewasugua migongo wanawake wa Essaouira kwa miaka thelathini na tano, katika hamamu ileile nyuma ya soko la samaki, na hakuna aliyewahi kumdanganya kuhusu mwili. Akikupitishia kiganja mgongoni anajua kama hukulala, kama una mimba changa, kama umegombana na mumeo. Kwa hiyo mjukuu wake Nuhaila aliposema anakwenda kununua nguo ya mpira ya kuvaa baharini, Yamna alikuwa keshavaa jelaba yake, ile kanzu pana, na kusimama mlangoni.

"Bibi, ni hapo tu dukani kwa Bwana Bujmaa. Narudi sasa hivi."

"Bujmaa ndiye amekulea? Twende."

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Nuhaila alikuwa akiteleza juu ya maji kwa ubao na tiara tangu ana miaka kumi na minne, tiara kubwa kama paa la duka, upepo unamburura naye anacheka. Sasa ana ishirini na mmoja, na kila kiangazi hufundisha wageni. Lakini kazi ya mwaka mzima ilikuwa moja tu, na Bwana Madani, mwenye shule ya mchezo huo, alisema wazi: Alhamisi hiyo ya Januari, atakayekaa majini saa mbili bila kutoka ndiye ataipata. Mwaka uliopita Nuhaila alitoka baada ya nusu saa, midomo imebadilika rangi, vidole vimekufa ganzi hata kujifungua kamba hawezi. Akikosa safari hii, mjomba wake wa Agadir keshamtafutia nafasi kwenye banda la kupakia nyanya. Agadir kuna mabasi kila siku, watu walimwambia Yamna ili kumtuliza. Mabasi! Yeye alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpikia.

Kwa Bujmaa, nguo zilizoachwa na wageni zilining'inia misumarini kama watu wasio na vichwa. Nuhaila akashika moja nyembamba.

"Hiyo sawa," Bujmaa akasema. "Ikibana ndiyo inapasha."

"Ikibana ndiyo inaua," Yamna akamjibu. "Mtoto atapumulia wapi?" Akaitungua moja nene, pana, ya kumtosha mwanamume mwenye kitambi. "Hii hapa. Ndani atavaa fulana yangu ya sufu."

"Lalla, hii si jelaba."

"Bujmaa, mama yako nilimsugua mimi siku ya arusi yake. Utanifundisha baridi wewe?"

Bujmaa akanyoosha mkono kupokea pesa. Na tusimlaumu Yamna, maana maisha yake yote joto alilijua hivyo: nguo pana, sufu ndani, hapo katikati mwili unajipashia wenyewe. Nuhaila alijua kwamba baharini si hivyo. Ila alipomwona bibi yake ameikumbatia ile nguo kifuani kama mtoto mchanga, uso wote umechanua, akatabasamu naye.

"Nzuri, Bibi," akasema.

Asubuhi ya pili bakuli la bisara lilipoa mbele ya Nuhaila bila kuguswa, mafuta yakatulia juu ya ule uji wa maharage. Yamna akapita nyuma yake, akamwekea kiganja mgongoni.

"Mgongo umekaza. Unanificha kitu."

"Hakuna, Bibi."

"Nakuuliza wewe au nauuliza mgongo? Lete hiyo nguo. Twende hamamu kabla watu hawajaanza kuja."

Chumba cha nje cha hamamu kilikuwa bado baridi. Nuhaila akavaa fulana ya sufu, akavaa mpira juu yake, akasimama pale kama gunia lililofungwa vibaya. Yamna akachota ndoo ya maji ya kisimani, akammiminia shingoni.

Mayowe aliyopiga yule msichana yalimfanya mchochea tanuri agonge ukuta kuuliza nani kafa. Maji yalishuka yote, yakaenda kukaa kwenye vifundo vya miguu, miguu ya nguo ikavimba kama viriba. Sufu nayo ikanywa ikashiba. Yamna akaingiza mkono kwenye shingo ya nguo, ukateremka, ukafika kiunoni bila kuugusa mpira popote.

Akautoa mkono wake taratibu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ulifurahi sana, Bibi."

"Mjinga we! Ukagande baharini, ukapakie nyanya Agadir, ili mimi nifurahi? Nitafurahi na nani?" Akataka kumpiga kofi la bega, likageuka likawa la kumpangusa maji usoni.

Kisha akakaa kwenye ukingo wa jiwe, akatazama mlango wa chumba cha moto. Mlango mfupi, mwembamba, mpaka uiname ndipo uingie. Kwa miaka yote hiyo ugomvi wake na wateja ulikuwa huohuo mmoja: fungeni mlango! Ukifungwa, maji machache tu sakafuni yanageuka joto la kumtosha kila mtu. Ukiachwa wazi, choma msitu mzima, utatoka unatetemeka.

"Kumbe nimekununulia hamamu isiyo na mlango," akasema. "Inuka."

Wakarudi kwa Bujmaa, Yamna na ndoo mkono mmoja, kopo la sabuni nyeusi mkono wa pili, Nuhaila na ile nguo pana begani.

"Lalla, hiyo ndoo ya nini?"

"Ya kununulia. Teremsha zote."

Nyuma ya pazia la duka alimpaka mjukuu sabuni visiginoni na vifundoni mwa mikono, miguu ikapita kwenye mpira kama samaki. Nguo ya kwanza ilikuwa ileile nyembamba ya jana. Yamna akapitisha vidole, vikazama penye kibonde cha mgongo. "Vua." Ya pili ikaacha nafasi kwapani. "Vua." Nje ya duka watu walishaanza kusimama, akiwemo Zhor muuza mikate.

Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote. Mikono yake ya kijani ilipauka, na Bujmaa alikuwa ameificha chini kabisa kwa aibu. Yamna akajaribu shingoni, vidole havikuingia. Kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti, hamna. Zipu ilipofika juu Nuhaila akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Unapumua?"

"Napumua. Kama dagaa kwenye kopo, lakini napumua."

"Inua mikono. Chuchumaa. Vizuri. Toka nje."

Zhor akajishika shavu. "Lalla Yamna! Umbo lote la mtoto liko nje!"

"Zhor, la kwako nalijua mpaka madoa. Nyamaza nisianze kuyataja."

Watu wakaangua kicheko, na Zhor mwenyewe akacheka. Yamna akainua ndoo akamimina. Nuhaila akafumba macho akingoja.

"Yameingia?"

"Kidogo, hapa mgongoni. Baridi."

Wakangoja.

"Sasa?"

Nuhaila akafumbua macho. "Sasa yamepata joto, Bibi."

"Basi mlango umefungwa," Yamna akasema. "Bujmaa, lile gunia la jana ni lako, hili letu."

Alhamisi upepo wa kaskazini ulivuma mpaka mchanga ukachoma vifundo. Waliingia majini watatu. Yamna akakaa juu ya kreti la samaki, fulana ya sufu mapajani, jicho lake haliachi ile mikono ya kijani inayopanda na kushuka katikati ya mapovu. Kijana mmoja akatoka kabla ya saa moja, akijikumbatia. Wa pili akatoka baadaye kidogo, akitapika maji ya chumvi. Mikono ya kijani ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Bwana Madani alipopuliza filimbi ya saa mbili Nuhaila hakutoka. Alikwenda duru moja zaidi, akaruka juu mpaka Yamna akasimama, ndipo akaja ufukweni.

Bwana Madani akaja na daftari lake. "Sasa, Nuhaila, mimi nasema—"

Yamna akamnyooshea kidole angoje. Akamvuta mjukuu, akafungua zipu kidogo, akazamisha kiganja mgongoni. Joto. Joto la mtu aliyekaa kwenye jiwe la chumba cha ndani, mtu wa kumwambia ahamie kando wengine wapate nafasi. Hakuutoa mkono haraka.

"Haendi," akamwambia Madani.

"Haendi wapi, Lalla? Nani kasema anakwenda? Jumatatu aanze kazi."

"Agadir. Nilikuwa nakwambia tu."

Nuhaila alikuwa anacheka huku meno yameanza kugongana, maana upepo ulikuwa umeupata mlango uliofunguliwa. Yamna akaipandisha zipu, akaikung'uta ile fulana ya sufu mchanga, akamvisha juu ya mpira, kichwa kwanza, kisha mkono mmoja mmoja kama alivyokuwa akimvisha zamani.

"Kumbe mahali pake ni hapa juu," akasema. "Twende, nimeacha bisara motoni."