Maji ya Chini ya Kitanda

Siku ile ya Mungu, kanisani kwetu Kibabi, mende moja ilitoka ndani ya kitambaa cha kichwa cha bibi yangu Astrid, mama ya mutoto wetu Nicole. Haikutoka mbio. Ilitoka pole pole, katikati ya wimbo wa matoleo, ikasimama juu ya sikio lake, ikatingisha ndevu, na watu wote wa nyuma wakaiona. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nikajifanya nasoma kitabu cha nyimbo. Kisha Astrid akasikia kitu kinatembea, akapiga yowe, na padri mwenyewe akaangalia juu akidhani mabati yanaanguka.

Kufika nyumbani, alitupa kile kitambaa chini.

"Papa Nicole, nisikie muzuri. Ikifika siku ya tano, ao mende zimetoka humu, ao mimi nachukua mutoto, narudi kwetu Walikale. Nimechoka!"

Mimi naitwa Marcellin, nalima maharagi na mihogo, na bibi yangu nampenda. Nasema wazi, anayetaka kucheka acheke. Nilimutoa mbali, kule kwenye misitu yao, nikamuleta huku kwetu milimani, na nyumba bila Astrid mimi siijui tena. Kwa hiyo nikaanza vita.

Nilianza na dawa. Muuzaji mumoja wa sokoni aliniapia kwa jina la mama yake kama ile unga inamaliza mende na wajukuu zao. Nikamwaga kila pembe. Mende zilikula ile unga, zikarudi kuomba ingine.

Jirani yangu Jean-de-Dieu, fundi wa mbao, mutu wa kusikiliza redio kutwa nzima, njo aliniita pembeni.

"Kaka, dawa ni bule. Redio imesema mende inaweza kukaa na njaa wiki na wiki, lakini kiu haiwezi. Kausha nyumba, utaona."

Basi nikakausha. Weee, nilikausha mimi! Bidoni za maji nikazitoa inje. Tundu la musumari kwenye mabati, lenye lilikuwa linadondosha toka zamani, nikaliziba. Nyuma ya nyumba nikachimba mufereji, maji ya mulima yapite kando, yaache ukuta wangu. Dirisha ya chumba nilikuwa nimeipigilia misumari sababu ya baridi; nikaifungua, upepo ukaingia mpaka Nicole akapiga chafya. Nguo mbichi zenye tulizoea kuanika juu ya moto nikazipeleka kwenye kamba, na kila wingu likipita ninakimbia kuzianua, nikiwa na jembe mukononi, majirani wananitazama tu.

Mende zilipungua? Hata! Zilinona.

Najua unataka kuniuliza nini. Haya, niseme. Chini ya kitanda chetu kulikuwa beseni mbili za mihogo iliyolowekwa, na nyuma ya mulango nusu-pipa ingine imejaa mpaka juu. Astrid analoweka ndani ya nyumba. Yale maji hayakauki hata siku moja, mihogo inaoza mule taratibu mpaka ilainike, harufu unaijua, na mende zote za huku kwetu Masisi zilikuwa zinafanya karamu pale. Nilikuwa napangusa sakafu kuzunguka zile beseni, nazikwepa, narudi kupangusa tena.

Sasa ningesema nini? Fufu ya Astrid, ule ugali wa muhogo, haina mwenzake. Mwanaume anaweza kumukosoa bibi yake juu ya nguo, hata juu ya ndugu zake akiwa na roho ngumu, lakini juu ya muhogo wake? Aka! Mimi si mupumbavu kiasi hicho.

Siku ya tano asubuhi nikamukuta amefunga valizi ya nguo, anamuvalisha Nicole viatu. Mende moja ilikuwa inatembea juu ya ile valizi, imejipanga na safari.

"Mama Nicole, ni beseni zako!" Nilipiga kelele bila kutaka. "Maji iko chini ya kitanda! Mende zinakunywa pale! Nimekausha nyumba nzima, zimebaki zile beseni tu!"

Nikangoja anitupie kiatu. Hakunitupia. Akaketi juu ya valizi.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Unadhani mimi ni kipofu? Najua toka mwanzo."

"Basi juu ya nini haulowekei mutoni sawa wamama wengine?"

"Kumbe leo njo umeniuliza." Akainamisha kichwa. "Nilipeleka mutoni. Nilipofika tu hapa kwenu nilipeleka. Mama Bibiche na wenzake wakasogeza vyombo vyao. Wakasema mutu wa pori amekuja kunukisha maji yao. Nikifungua mudomo, wanaiga namna ninasema, wanachekana. Nikabeba beseni yangu, nikarudi. Nikasema bora mende. Mende hazinicheki." Machozi yakaanza kumutoka. "Sasa siku ya Mungu wamenicheka hata kanisani. Sikimbii mende, Papa Nicole. Nakimbia kukaa mahali sina mutu."

Nilitaka kwenda kumutukana Mama Bibiche na ukoo wake wote, na mimi nikikasirika nakuwa mubaya sana. Lakini ningemutukana, kisha? Kesho Astrid angeenda mutoni na nani?

Nikapiga magoti, nikavuta beseni ya kwanza kutoka chini ya kitanda, nikaiweka kichwani.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nakwenda kuloweka muhogo."

"Wewe? Mwanaume? Muchana hivi? Watakucheka!"

"Wacha wacheke."

Nikatoka. Maji ya muhogo yalikuwa yananishuka shingoni, mpaka ndani ya shati. Jean-de-Dieu alisimamisha musumeno wake. "Marcellin! Umeolewa?" Nikaendelea kushuka. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Nicole, kisha Astrid na beseni ya pili, anasema chini chini, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Mapema niseme ya mende, yaishe: tulipomwaga na lile nusu-pipa, nyumba ikakauka, zikahama zenyewe. Nadhani ziko kwa Jean-de-Dieu.

Mutoni, Mama Bibiche na wenzake walikuwa wanafua. Walituona, wakaacha kufua. Nikapita katikati yao na kichwa changu kinanuka, nikatafuta mahali chini ya pale wanachota maji, ili wasipate neno la kusema. Nikainama kutua beseni namna nimeona wanawake wanatua. Kumbe kuna ufundi wake. Mguu ukateleza, beseni ikaenda upande wake, mimi upande wangu, nikakaa katikati ya muto, muhogo mumoja juu ya bega.

Walicheka mpaka Mama Bibiche akashika mugongo. Akapangusa machozi na kitenge, akageuka.

"Mama Nicole," akasema, na sikuwahi kumusikia akimuita hivyo, "huyu bwana wako ulimutoa wapi?"

Astrid alisimama na beseni yake kichwani. Nikaogopa kumutazama.

"Nilimukuta hapa hapa kwenu," akajibu, kwa sauti yake ya Walikale, bila kuificha. "Kwetu tungemurudisha."

Wakalia kwa kicheko. Mumoja alimushika mukono Astrid asianguke, maana naye alikuwa anacheka, Astrid wangu, anacheka na wao, anacheka mimi. Maji yalikuwa ya baridi kama nini. Ningeweza kusimama, hakuna kilichonizuia, lakini nikabaki nimekaa mule kidogo zaidi.