Alama Nne kwenye Zulia la Mama

Zulia la mama yangu halikuwahi kulala nje ya nyumba yangu hapa Gitega mpaka nilipomkabidhi mume wangu, Husni. Marehemu mama alinikalisha juu yake siku ya nikahi yangu, kisha akaniachia, na sina kingine chake. Husni, ambaye biashara ya vitenge humpeleka Muyinga kila wiki, alisema kule kuna fundi mwenye mashine ya kuoshea mazulia, Venansi. Nilikubali kwa sababu ni yeye. Mtu mwingine angenikuta nimelikalia.

Lilirudi baada ya siku kumi, jekundu kama jipya. Husni alilitandika mwenyewe, upande mmoja akausukuma chini ya matakia yetu ya ukutani, akanipa masharti ya fundi: viatu mlangoni, kikimwagika kitu, gandamiza kwa kitambaa, usisugue, na kila miezi mitatu ligeuzwe, upande wa ukutani uje mlangoni, lisichakae sehemu moja tu.

Nikayashika masharti kama sala. Hata Emerensiana, jirani yangu anayefundisha shule ya misheni ya Mushasha, hakupona.

"Swabra, hata kwa padiri mi naingia na viatu."

"Basi chai utakunywa kwa padiri," nilimwambia. Alicheka, akavua.

Miezi mitatu ilipotimia Husni alikuwa Muyinga. Emerensiana alinisaidia kuondoa matakia na kulivuta zulia. Ule upande wa ukutani ulikuwa na alama nne za kutu, za mviringo, zimepangana kama miguu ya kitu kidogo. Damu ilinipanda. Nilitafuta namba ya fundi, nikampigia bila hata kumsalimu.

"Mashine yako imeniharibia zulia la mama yangu, lile jekundu alilokuletea Husni."

Venansi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikulia Tanzania, ana maneno ya upole.

"Mama, mashine yangu ina miguu ya mpira. Mzee Husni nilimkanya kwamba zulia bichi haliwekewi chuma, lisubiri siku mbili. Nilipopita kwake kesho yake, nikakuta kitanda cha mtoto kiko juu yake. Mke wake akasema sakafu ina baridi na mtoto anakohoa."

"Mke wake?"

"Samahani," alisema. "Kwani ninaongea na nani?"

Nilikata simu. Emerensiana alikuwa amesikia yote, akanishika mkono, nikautoa. Kama Husni alitaka mke wa pili, angeniambia nikasirike waziwazi, dunia isikie. Lakini alichukua zulia la mama yangu akamtandikia mtoto wa mwenzangu, kisha akarudi kunifundisha namna ya kulitunza. Na mimi nikawavua watu viatu. Nililia kwa hasira mpaka kichwa kikauma.

Ijumaa Husni alirudi. Zulia nilikuwa nimeligeuza, kama alivyoniagiza, na zile alama nne zilikuwa hapo hapo mlangoni. Alivua viatu, akainua mguu, akaziona, akaurudisha mguu nje. Nilingoja aseme ni fundi, ni mashine, nipate cha kumkatalia.

"Mi nilijaribu na ndimu na chumvi, Swabra," alisema. "Kutu ilikataa kutoka."