Mikono Miwili ya Kushoto

Asubuhi nzima alikuwa akishona vifungo, kazi waliyompa tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mkataji hodari kuliko wote katika karakana ile ya sare za shule. Juzi walimpa mkasi akate mashati arobaini ya majaribio, na leo msimamizi angeamua kama anarudi kwenye meza ya kukatia. Hakuwa amelala vizuri.

Msimamizi akaingia na shati mkononi.

"Hili lina mikono miwili ya kushoto. Nani kakata?"

Kosa hilo kila fundi analijua. Kitambaa kisipokunjwa uso kwa uso, mikono yote inatoka ya upande mmoja.

"Ni mimi," alisema yule wa vifungo, shati lenyewe hajalitazama. "Nisamehe, bosi. Kichwa changu hiki."

Jirani yake, mkataji waliyezoea kumwita Mama Pacha, akalichukua shati na kuligeuza. Kila mkataji alikuwa na alama yake ya chaki.

"Wewe unaweka msalaba. Hili ni duara, la kwangu." Akacheka. "Jamani, nilipitiwa."

Msimamizi naye akacheka. "Uzee huo, Mama Pacha. Fumua." Yakaishia hapo. Kisha akamgeukia yule wa vifungo. "Na wewe, mbona ulikiri?"

Akarudisha macho kwenye vifungo vyake.

"Mtu anayekiri asichokifanya bado hajakaa sawa. Endelea na vifungo. Tutaona baada ya miezi mitatu."

Mashati yake arobaini yalikuwa rafuni, hayana kasoro hata moja. Msimamizi hakuyataja. Kinachouma zaidi ni kwamba hata yeye mwenyewe hakuyataja.

"Kwa nini, mwenzangu?" Mama Pacha alinong'ona msimamizi alipotoka.

"Nilidhani ni mimi. Siku hizi kikiharibika kitu, wala sihangaiki kuangalia."

"Na hata ungekuwa wewe? Si unasema tu ulipitiwa, basi. Hebu sema."

"Nilipitiwa." Sauti ilimtoka ndogo, ya mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

"Umeona? Rahisi."

"Kwani na mimi naruhusiwa?"

Mama Pacha akainamia mkono wa shati aliokuwa akiufumua. Mwenzake akatunga uzi kwenye sindano na kuchukua kifungo kingine.