Waya Shingoni mwa Mzee Kavumbi

Fundi wa simu alifika hotelini Bofa asubuhi, akala chapati jikoni, akanawa mikono, ndipo akafungua sanduku lake. Aliitwa kuunganisha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa mapokezi, kando ya swichibodi ya Kabibi. Hiyo ilipokea simu wakati hakuna mtu na kuihifadhi sauti ya mpigaji kwenye kanda. Ya pili ilikuwa teleksi, ng'ambo ya bustani, katika ofisi ya meneja, ambako Mastura alipokea maombi ya vyumba kutoka Ulaya. Meneja, Bwana Athman, alitaka sauti zinazoachwa mapokezi zitoke kwenye teleksi zikiwa maandishi, asisumbuke kusikiliza kanda. Mwaka ulikuwa 1987, na hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo haliwezekani.

Fundi alivuta waya juu ya bustani. Ulilegea katikati ukawa unawagusa wageni vichwani. Akatafuta nguzo ya kuushikilia, akaiona moja imesimama kando ya bwawa la kuogelea: mti wa muhuhu uliochongwa, urefu wa mtu, wenye kichwa cha duara. Kiunoni ulikuwa na vitambaa vilivyofifia, vimefungwa fundo juu ya fundo. Akauzungushia waya shingoni, akakaza, akarudi kwao Mombasa.

Kesho yake mashine zilifanya kazi vizuri. Bibi mmoja wa Hamburg, aliyepiga simu wakati wa chakula cha mchana, alitoka upande wa pili kwa herufi kubwa, akiomba chumba kinachoelekea baharini. Chini yake palikuwa na ujumbe mwingine, wa Kigiriama. Mastura aliukata kwa rula, akazunguka nyuma ya jikoni, kwa kuwa wafanyakazi hawakuruhusiwa kupita bustani ya wageni, akamwekea Kabibi mezani.

"Shoga, huyu wenu. Mimi mtu wa Mambrui, lugha ya bara siiwezi."

Kabibi alisoma. Aliyepiga alijitaja kuwa ni Kavumbi wa Ganze. Alisema hajambo, ila ana kiu, na tangu aletwe hapa ameelekezwa kwenye maji mengi ambayo hakuna anayeyanywa.

"Ni nani huyo?" Mastura aliuliza.

"Baba."

"Si alifariki?"

"Alifariki zamani, mimi nikiwa shule."

"Haya basi, mjibu. Asije akadhani hatuna adabu."

Mzee Kavumbi alipofariki, wanawe walimsimamishia kigango, nguzo ya mti iliyochongwa mfano wa mtu, uani, kama wazee wa hadhi yake wanavyosimamishiwa, ili apate pa kukaa. Kila walipogema mnazi walimmiminia tembo kidogo. Mwaka wa njaa kigango kilitoweka, pakabaki shimo. Mama yake Kabibi aliendelea kumimina tembo humo shimoni, lakini alisema linazama tu, halina mpokeaji. Tangu siku hiyo hakulala tena kitandani. Alitandika mkeka mlangoni, mzee asije akarudi akakuta pamefungwa.

Kabibi alitia plagi kwenye tundu la swichibodi ambalo halikuwa na mtu, akashika mkono wa simu.

"Baba, nani alikuleta huku?"

Jibu lilitoka ofisini kwa Mastura baada ya chai ya alasiri.

KARISA. ALINIFUNGA KWENYE BAISKELI. ALINIFUNGA VIZURI, SIKUANGUKA NJIANI. MSIMGOMBEZE. ALIRUDI NA GUNIA LA MAHINDI YA NJANO.

Karisa alikuwa kaka yake Kabibi. Kabibi aliyakumbuka mahindi yale. Ugali wake ulikuwa na utamu kidogo, na hakuna mtu aliyeuliza yametoka wapi. Yeye mwenyewe aliomba aachiwe ukoko.

Alizichukua karatasi zote mbili, akabisha hodi kwa meneja.

"Bwana Athman, nimekuja kukuomba baba yangu."

Bwana Athman alisoma taratibu, akitafsiriwa alipokwama. Alikuwa mtu wa Malindi mjini, mpole, asiyemkatiza mtu. Alivua miwani.

"Pole sana, mwanangu. Huyu mzee tulimpata kwa yule mchuuzi wa vinyago. Tulikubaliana vizuri tu."

"Yeye hakukubali."

"Hakuulizwa," alisema Bwana Athman. "Hilo ni kweli. Lakini nikimng'oa waya utashuka, na msimu huu kila chumba kinapitia shingoni mwake. Halafu mfikirie na yeye. Kwenu Ganze maji ni shida. Hapa ana bwawa zima."

"Baba hanywi maji. Anakunywa tembo."

"Basi mletee. Nitamwambia askari asikuzuie kupita bustanini."

Akaagiza pia mzee apewe nambari ya ndani, akaandikwa kwenye orodha ya simu kati ya jikoni na dobi.

Kwa hiyo kila alasiri Kabibi alikata bustani mchana kweupe, akiwa na kata ya tembo, akammiminia baba yake miguuni na kumfunga kitambaa kipya siku alizokuwa nacho. Wageni walisogeza viti vyao kumpisha. Wengine walipiga picha. Mama yake alipokuja na basi kutoka Ganze, Kabibi alimkalisha mapokezi, akamtilia plagi.

"Wewe, uko wapi?" mama aliuliza kwenye simu.

Mastura alikuja mbio na jibu, akicheka kabla hajafika. Kabibi alimsomea mama yake.

NIKO BOFA. WATU WA HUKU HUSHINDA UCHI LAKINI HAWANA MATATA. LALA KITANDANI, MKE WANGU, MGONGO WAKO NAUJUA.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Akaiomba ile karatasi, akaifunga kwenye pindo. Mwisho wa mwezi Kabibi alipokwenda nyumbani alikuta mkeka umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Karisa alikuwa juu ya paa la banda la mbuzi.

"Baba anakusalimu," Kabibi alimwambia. "Anasema ulimfunga vizuri."

Karisa alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa, akaendelea kupigilia.

Mvua za vuli zilipoanza, hoteli iliongeza vyumba upande wa pili wa bwawa, navyo vikahitaji simu. Mchuuzi wa vinyago alipiga asubuhi, akimtaka meneja. Kabibi alimsalimu, akamuunganisha. Plagi ilikuwa kuukuu, haikai bila kushikiliwa.

"Unataka mrefu kama yule, au mfupi?" mchuuzi aliuliza.

"Mrefu. Waya utakwenda mbali."

"Yupo mmoja Ganze nimeonyeshwa. Jumamosi nitakuwa naye."

Kabibi aliishikilia plagi mpaka walipoagana na kutakiana heri. Akaichomoa, akaipangusa, akapokea simu nyingine.

Alasiri Mastura alizunguka nyuma ya jikoni na kipande cha karatasi. Safari hii hakufanya mzaha. Aliketi kando ya Kabibi wakakisoma pamoja, Kabibi akimtafsiria.

NIMESIKIA, SIMU ZOTE HUPITA KWANGU. WAAMBIE WAMWEKE KARIBU NAMI, UPANDE WA KIVULI, NIPATE MTU WA KUZUNGUMZA NAYE. NA WEWE, JUMAMOSI LETA KATA MBILI.